Kona ya Mwisho Kufungwa

Watu waliokaa mbele ya kituo cha polisi cha Lindi hawakuwa wanapiga kelele, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi Sajenti Dativa. Anayepiga kelele huchoka, akaenda zake kula. Hawa walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta kama abiria wanaongoja gari la Nachingwea, mapanga yao wameyavingirisha kwenye mifuko ya mbolea, na mkubwa wao, Xaveri, alikuwa ananoa la kwake polepole kwenye ngazi ya saruji ya kituo. Analitemea mate, analipindua, upande huu na upande huu.

"Hilo la kulimia wapi, Xaveri?" Dativa alimuuliza.

"Si la kulimia, afande. La Hussen." Hakuinua uso. "Kesho asubuhi si mnampeleka mahakamani? Ni mwendo wa miguu. Sisi tutakuwepo njiani. Hatuna haraka."

"Unajua naweza kukuweka ndani kwa maneno hayo?"

"Niweke. Na wadogo zangu uwaweke, na mashemeji, na wajomba. Mdogo wangu nimemzika ngozi imebaki kwenye shuka la hospitali. Niweke ndani, afande, nipo."

Dativa akampita.

Kisa chenyewe Lindi nzima ilikuwa inakijua, au ilidhani inakijua. Kinu cha kukamua ufuta kule Mitwero kilikuwa mali ya umma. Zikaja zama hizi za ruksa, kikauzwa kwa tajiri, na tajiri jambo la kwanza akapunguza watu. Mafundi umeme walikuwa wawili, yeye akataka mmoja. Akabaki Sipriani, mdogo wake Xaveri. Hussen akarudishwa nyumbani kwake Mtanda, na siku hiyohiyo akasimama getini, mbele ya wanawake wote wanaopepeta ufuta, akaapa kwamba hafi kabla hajamwona Sipriani anakaangika. Ndilo neno alilolitumia. Sasa Jumamosi transfoma ya kinu ikalipuka, oili ya moto ikamrukia Sipriani usoni na kifuani, akakata roho mara tu alipofikishwa hospitali. Na jana yake Hussen alikuwa ameonekana amesimama kwenye uzio wa transfoma hiyo. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walimpiga mawe, Konstebo Dadi akamtoa mikononi mwao akiwa hana fahamu, na mkuu wa kituo akaliona faili limekamilika.

Dativa peke yake ndiye aliyekuwa hajaliona hivyo. Mkuu alimpa mpaka jioni.

Mahabusu, Hussen alikuwa amejiegemeza ukutani, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Uji aliouleta mkewe, Sauda, ulikuwa umeganda kwenye bakuli.

"Kula, kaka Hussen."

"Nitakula na meno gani, dada? Sema ulichojia."

"Uliapa."

"Niliapa. Na nikamwombea mabaya kila alfajiri, nikishamaliza sala, sijatoka hata kwenye mkeka. Nilipoambiwa ameungua nilicheka. Andika hivyo, nilicheka."

"Ijumaa ulifuata nini kwenye uzio?"

"Kuitazama. Ile transfoma ya kati iliungua koili tangu masika, wakaipeleka karakana moja ya Dar kusukwa upya. Nikasikia imerudi. Mashine nimeilea mwenyewe, nisiitazame? Nikamtukana Sipriani, naye akanitukana, nikarudi nyumbani."

"Mkuu anasema uligeuza waya, Sipriani akaunga bila kujua."

Hussen alicheka, kisha akakamata ubavu, uso ukamkunjamana. "Mkuu wako hajawahi kukanyaga kinu kile. Una kiberiti?"

Dativa akamwita Dadi, Dadi akatoa kiberiti chake shingo upande, maana kilikuwa kimebaki na njiti chache. Hussen akatoa tatu, akazilaza sakafuni.

"Hizi transfoma zetu tatu. Kila moja ina koili, na koili ina kichwa na mkia kama njiti hii. Zinaungwa kwa namna mbili. Ukiikusanya mikia yote ukaifunga fundo moja, vichwa vikatazama nje, hiyo nyota. Lakini sisi kinuni hatuna nyota. Sisi tuna delta." Akazipanga upya. "Kichwa cha huyu kinashika mkia wa yule, kichwa cha yule kinashika mkia wa mwenzake, kama watoto wanavyoshikana mashati wakicheza treni, mpaka wa mwisho amrudie wa kwanza. Umeona? Pembetatu. Kona tatu."

"Nimeona."

"Zikitazama zote njia moja, umeme wake unasukumana kwa zamu, ukizunguka pembetatu nzima unafutana. Ukiacha kona ya mwisho wazi, hapa kwenye mwanya hamna kitu. Funga, hulipuki. Ila mmoja akigeuka..." Akaipindua njiti ya kati, kichwa kikakaa mahali pa mkia. "Hazifutani tena. Hapa kwenye mwanya unapata nguvu ya koili mbili. Sasa ufunge kona hiyo halafu uwashe! Umeme umeufungia ndani ya pembetatu, hauna pa kutokea. Unazunguka humohumo, koili zinaiva, oili inachemka, na ukizingatia fyuzi siku hizi wanafunga waya wowote mnene wanaoukuta, nani wa kuukata?"

"Ndivyo ilivyolipuka."

"Ndivyo. Na ndiyo maana hakuna fundi anayefunga kona ya mwisho kabla ya kutundika taa. Balbu nne, moja nyuma ya nyingine, kwenye ule mwanya. Zikikaa giza, koili zote zinatazama njia moja. Zikiwaka, yuko aliyegeuka, na huwezi kukosa kuona, zinawaka kama za harusini. Ningegeuza waya mimi, angegeuza shetani, taa zingemwambia Sipriani."

"Labda siku hiyo hakutundika."

"Nani, Sipriani?" Hussen akamtazama kwa lile jicho moja. "Nilimchukia kwa mengi. Kwa hilo sikumchukia. Yule alikuwa tayari kula bila kunawa kuliko kufunga kona bila taa. Alikuwa na sababu yake. Kaulize wanaopepeta."

Dativa akaziokota njiti tatu, akazitia kwenye mfuko wa sare. Dadi akaziangalia zikipotea, akashusha pumzi.

Kule Mitwero kinu kilikuwa kimesimama, lakini harufu ya ufuta uliokaangwa ilikuwa bado imeganda kwenye kuta. Transfoma zilikuwa nyuma, ndani ya kizimba cha wavu, juu ya jukwaa la zege. Mbili za pembeni zilikuwa za kijani iliyopauka. Ya kati ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijivu, na vigae vyake vya juu vya kushikia waya vimepasuka vipandevipande, oili imetiririka mpaka chini na kufanya tope jeusi. Inzi walikuwa wamejaa.

Dativa hakuanza na mahali palipopasuka. Alianza na kifuniko. Akachutama, akazunguka nati moja baada ya nyingine akizipapasa kwa ukucha. Rangi ya kijivu ilikuwa imeziba kila nati, haina hata mkwaruzo.

"Spana haijagusa hapa," alisema. "Tangu ilipotoka Dar hakuna aliyefungua."

Kisha akatoa njiti zake, akaanza kuzifuata waya za nje kwa kidole, herufi kwa herufi zilizopigwa chapa kwenye bati. Kichwa kwa mkia. Kichwa kwa mkia. Kona ya mwisho nayo, kile kipande cha shaba alichokifunga Sipriani, kilikuwa mahali pake, nati imekazwa na mtu anayejua kukaza. Akarudia mara ya pili. Dadi alikuwa ameshatafuta kivuli.

"Nje kumekaa sawasawa, Dadi. Hakuna waya uliogeuzwa. Aliyegeuka yuko ndani. Waliosuka koili wamechanganya ncha, wakafunika, wakapaka rangi."

"Alhamdulillahi!" Dadi akainuka. "Basi kosa ni la karakana. Hussen hana kesi, muuaji hakuna, tukale. Pale njiapanda kuna mama anauza ming'oko."

"Na taa?"

"Taa gani tena, afande?"

"Zilizotundikwa kwa ajili ya kosa kama hili."

Dadi akakaa tena.

Kutoka kwenye ile kona ya mwisho zilikuwa zinatoka waya mbili ndefu, nyekundu na nyeusi. Ncha zake zilikuwa bado zimefungwa kwa nati, kila moja upande wake wa mwanya, na ule moto ulikuwa umezigandisha hapo, usingeweza kuzitoa bila tindo. Dativa akazifuata. Zilipita chini ya wavu, zikaambaa na ukuta wa kinu, zikaingia kwenye tundu dogo lililotobolewa ukutani kwa mtarimbo. Alizipitisha zote vidoleni, mkono kwa mkono, kama mtu anayekagua kamba ya kisima. Hapakuwa na palipokatika.

Upande wa pili wa tundu ilikuwa stoo ya magunia. Haikuwa na dirisha. Ubao ulikuwa umepigiliwa ukutani, na juu yake balbu nne. Dativa akazifungua, akaenda nazo ofisini, ambako umeme ulikuwa wa laini nyingine, akazijaribu moja moja. Zote zikawaka.

Nje, kando ya ukuta wa stoo, wanawake walikuwa wamekaa mstari, nyungo zinapanda na kushuka. Ufuta ulikuwa unaruka kidogo na kutua, makapi yanakwenda na upepo. Aliyekuwa karibu zaidi na ule ukuta alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyejitanda kanga ya rangi ya zambarau.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, lakini usinikanyagie ufuta. Mimi Mwanaima. Nilikuwa nasema moyoni, huyu polisi mwanamke mbona anakumbatia waya, ataniuliza lini mimi?"

"Jumamosi ulikuwa hapa?"

"Hapahapa. Ungo wangu haujahama tangu kinu kilipokuwa cha umma."

"Ndani ya stoo alikuwa nani?"

"Erasmo, msimamizi wa mashine. Sipriani yuko nje kwenye midude yake, Erasmo yuko ndani anaangalia taa. Ndiyo desturi ya hapa, mmoja anaona, mwingine anafunga."

"Nisimulie walivyosemezana. Usiruke kitu."

Mwanaima akauweka ungo magotini. "Walianza kama kawaida yao. Kwanza Sipriani anazifunga waya kwenye umeme wenyewe, kuona kama taa ni nzima. Erasmo akasema kutoka humo ndani, 'Zinawaka!' Haya. Sipriani akazima, akahamishia waya kwenye kona, akawasha. Akauliza, 'Haya, vipi?' Kimya. Sisi tunapepeta. Akauliza tena, 'We Erasmo, umelala na mke wa nani humo?' Tukacheka wote, maana Sipriani kwa utani Mungu amrehemu. Ndipo Erasmo akajibu."

"Akajibu nini?"

"'Giza.'"

"Kwa sauti gani?"

Bibi alifikiri. "Taratibu. Kama mtu anayemtaja marehemu. Sipriani akazima, tukasikia spana inakaza. Akawasha. Mimi nikajikuta chali, ungo kichwani."

"Kwa nini taa zinaangaliwa ndani, bibi? Kwa nini si palepale kwenye transfoma?"

"Zamani ilikuwa palepale, juani." Mwanaima akashusha sauti. "Palikuwa na fundi mmoja kijana, Benjamini, wa Rondo. Siku hiyo aliyeangalia taa ni Sipriani. Walikuwa wameunga balbu nyingi mno, umeme ukagawanyika, kila moja ikawa nyekundu kidogo tu mle ndani ya kioo, na jua la Lindi la saa sita unalijua. Sipriani akaona giza. Akasema giza. Benjamini akafunga, akawasha. Tulimwokota kwa majamvi. Baada ya maziko Sipriani mwenyewe akachukua mtarimbo akatoboa tundu hili, analia na kutoboa, analia na kutoboa. Ndipo zikawa taa nne, na mtu anaziangalia gizani."

"Benjamini aliacha ndugu?"

Bibi akamtazama kama mtu anayetazama mgeni. "Kumbe huna habari? Si huyo Erasmo? Baba mmoja, mama mmoja. Na wakawa wanakula sahani moja na Sipriani. Sisi tukasema, jamani, huyu mtu ana moyo, amesamehe."

Dativa akainuka, akajipangusa makapi. Alimvuta Dadi pembeni, akamnong'oneza, kisha akamnong'oneza na Mwanaima. Bibi akaitikia kwa kichwa, akausogeza mkeka wake karibu zaidi na lile tundu.

Erasmo alikuja alipoitwa. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Aliingia stoo bila kusitasita na kumkaribisha Dativa kana kwamba ni sebuleni kwake.

"Karibu, afande. Magunia ndiyo viti vyetu."

Dativa akaufunga mlango. Kukawa na giza, isipokuwa ule mstari mwembamba wa mwanga uliopita kwenye tundu.

"Jumamosi ulikaa wapi?"

"Hapa. Gunia hilihili."

"Taa zilikuwa giza?"

"Giza kabisa. Nimeshaandikisha maelezo."

"Na kabla ya hapo ulisema zinawaka."

"Ndiyo utaratibu. Mimi siruki utaratibu."

"Ndilo linalonisumbua hilo, kaka Erasmo. Ungeruka, ningesema balbu zilikuwa zimekufa, nikakuachia. Lakini umeshuhudia mwenyewe, na wanawake wote wa ukutani wamesikia, kwamba balbu zilikuwa nzima. Waya nimezipapasa mpaka mwisho, nzima. Ncha zimeganda kwenye kona. Koili imegeuka, la sivyo isingelipuka. Taa nzima, waya nzima, koili imegeuka, halafu giza. Umeme ulikwenda wapi?"

"Mimi si fundi wa umeme."

"Kujua taa iliyowaka na isiyowaka hakutaki ufundi."

"Huenda Hussen aligeuza baada ya mimi kusema."

"Sipriani amesimama pale na spana mkononi. Angegeuzia wapi, miguuni mwake?"

Erasmo alitabasamu kidogo. Meno yalionekana kwenye ule mstari wa mwanga. "Afande, humu ndani nilikuwa peke yangu. Niliona mimi, nikasema mimi. Utanipeleka kwa jaji na nini? Na hizo njiti zako?"

Alikuwa amesema kweli, na wote wawili walijua. Dativa akakaa kwenye gunia. Akatoa kitambaa, akajifuta shingo, akakikunja, akakirudisha. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Siwezi. Nitalifunga faili kama mkuu anavyotaka. Hussen. Umesikia huko Mtanda wanavyomsifu? Hao vijana waliopunguzwa kazi. Wanasema yule ndiye dume, alisema atamkaanga na akamkaanga. Xaveri atamkata kesho, sawa, lakini jina limeshapatikana. Hata Rondo litafika."

"Lifike."

"Mama yako yu hai?"

"Mama yangu asiguswe kwenye mambo haya."

"Nani anamgusa? Atafurahi. Watamwambia, mama, yule aliyemuua mwanao amelipwa. Atauliza, amelipwa na nani? Watamwambia, na Hussen wa Mtanda, kwa ajili ya kibarua chake. Atapiga vigelegele. Halafu atakaa atafakari, Benjamini wangu hakupata hata mtu wa kumlilia haki mpaka akatokea mtu baki. Huyu wangu aliyebaki alikuwa wapi? Alikuwa anakula sahani moja na Sipriani. Anacheka utani wake."

"Nyamaza."

"Alikuwa anamwitikia kwenye tundu, zinawaka, giza, zinawaka, giza, kama mtumishi."

"Nimesema nyamaza!"

"Nanyamaza. Hussen amekushinda kwa ujasiri, nakuambia kweli. Mtu hana hata udugu na Benjamini..."

"Hussen!" Erasmo alisimama, gunia likaanguka. "Hussen alifiwa na nani? Hussen alinyang'anywa mshahara! Kwa mshahara ndiyo apewe damu ya kaka yangu? Yeye alimwokota nani kwa jamvi? Alimpelekea nani mama maiti iliyofungwa isifunuliwe?"

Dativa alimwacha aseme.

"Sikugeuza kitu," Erasmo alisema, na sasa alikuwa anahema. "Sikupanga. Miaka yote hiyo nimekaa naye ninangoja, hata sijui nilikuwa ninangoja nini. Ananipa tumbaku, napokea. Ananiita ndugu yangu, naitika. Halafu Jumamosi nimekaa hapa, zikawaka. Zote nne. Chumba kikawa cheupe, nikaona mpaka vumbi la ufuta linavyoelea, nikaona mikono yangu. Na yeye huko nje ananiuliza, haya, vipi? Yeye ndiye ananiuliza, afande. Mimi. Nikazitazama. Akauliza tena, akanitania. Nikampa neno lake. Lile alilompa kaka yangu. Sikuliongeza, sikulipunguza."

"Yeye alikosea, Erasmo. Jua lilimdanganya. Wewe uliona."

"Kwani Benjamini alikufa nusu, kwa kuwa lilikuwa kosa?"

"Na Hussen? Ungemwacha akatwe?"

"Aliapa mwenyewe. Nani alimtuma?"

Dativa akageukia ule mstari wa mwanga. "Bibi Mwanaima, umesikia?"

Mwanga ukazibika kidogo, mtu alikuwa amesogeza uso kwenye tundu. "Nimesikia, mwanangu. Na konstebo wako amesikia. Na Mungu."

Erasmo alilitazama lile tundu. Akatoa kalamu zake mbili mfukoni, akaziweka juu ya ubao wa taa kama mtu anayekabidhi ofisi, akanyoosha mikono.

Walifika kituoni jua limeanza kulegea. Dativa alimwingiza Erasmo kwa mlango wa nyuma, akamalizana na mkuu wake kwa maneno machache, kisha akamtoa Hussen kwa mlango wa mbele, mbele ya macho ya wote, Sauda amemshika kwapani. Watu wa Xaveri wakasimama wote kwa pamoja.

"Kabla mtu hajanyanyua mkono," Dativa alisema, "aliyemuua Sipriani yuko ndani. Si huyu. Ni Erasmo. Amesema kwa kinywa chake, na shahidi wa uraiani yupo. Alimlipia kaka yake, Benjamini."

Hussen akajikokota mpaka mbele ya Xaveri, akasimama akimtazama kwa jicho moja.

"Jiwe la kwanza lilikuwa lako, Xaveri. Nililiona. Ngoja nipone."

Xaveri hakumtazama hata. Alikuwa ameshageukia wenzake. "Erasmo wa Rondo," alisema, polepole, kama anayepima kilo. "Mama yake si yule mwenye nyumba ya bati, nyuma ya kanisa?"

"Ndiyo huyo," mmoja akaitikia.

"Erasmo hamtampata," Dativa alisema. "Atajibu kwa jaji."

"Erasmo hatumtaki, afande. Mkaeni naye." Xaveri akaokota mfuko wake wa mbolea, akalivingirisha panga. "Lori la mbao linapanda Rondo jioni hii."

Walianza kuondoka mmoja mmoja, bila kelele, vilevile walivyokuwa wamekaa. Dativa akashuka ngazi mbilimbili, akawapita, akaifungua Landrova ya kituo mlango wa abiria, akasimama hapo katikati ya njia.

"Xaveri. Panda."

"Unanikamata?"

"Nakupeleka Rondo. Si ndiko unakotaka? Nakwenda kumwambia yule mama kwamba watoto wake wamekwisha, mmoja yuko kaburini na mwingine anangoja kamba. Siwezi kwenda peke yangu. Panga mpe Dadi."

Xaveri akasimama. Nyuma yake mashemeji nao wakasimama. Alilitazama lile gari, akawatazama watu wake, na Dadi akawa ameshafika na mkono ameunyoosha, haombi, haamuru, anangoja tu. Ilichukua muda. Kisha panga likabadilisha mkono.

Walikuwa wameshaiacha Lindi nyuma, vumbi limejaa ndani ya gari, ndipo Xaveri alipofungua mdomo.

"Nikifika nimwambie nini?"

"Mwambie wewe ni kaka wa nani," Dativa alisema, akabadilisha gia kuupanda mlima. "Mengine atauliza mwenyewe."